Kasino Iliyokataliwa Coney Island, na Mgogoro wa Ardhi Uliokuwa Nyuma Yake

Tarehe 29 Septemba 2025, kamati ya watu sita iliyoundwa chini ya sheria ya jimbo la New York ilipiga kura kuhusu ombi la kujenga kasino ya dola bilioni 3.4 huko Coney Island, mtaa wa ufukweni ulioko kusini kabisa mwa Brooklyn. Wanne walikataa na wawili wakakubali, na kwa kuwa sheria ilidai kura zisizopungua nne za kuunga mkono, ombi hilo likafia mikononi mwa kamati kabla ya kuifikia bodi ya jimbo iliyokuwa na kazi ya kuchagua washindi. Kwa anayetazama kutoka mbali, shauri hili linaweza kuonekana kuwa ugomvi wa kawaida kati ya wacheza kamari na wacha Mungu. Ukilifuatilia kwa karibu, utakuta kwamba hoja ya maadili ilikuwapo lakini haikuwa ndiyo iliyobeba mzigo. Swali lililowagawa watu lilihusu ardhi: nani anaimiliki, sheria inaruhusu juu yake lijengwe jengo la namna gani, na nani anayevuna thamani yake inapopanda.

Coney Island ilikuwa kisiwa kweli, hadi mkondo uliokitenga na bara ulipofukiwa sehemu na kukifanya rasi. Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa mahali pa New Yorkers wa kila tabaka kupumzikia, na katika miaka michache tu zikazaliwa hapo bustani tatu za burudani zilizojulikana duniani kote: Steeplechase Park ya George C. Tilyou mwaka 1897, Luna Park mwaka 1903, na Dreamland mwaka 1904. Luna Park iliwaka maelfu kwa maelfu ya taa za umeme wakati ambapo nyumba nyingi za mjini zilikuwa bado zinatumia gesi. Dreamland iliteketea kwa moto mwaka 1911, Luna Park ikaungua mwaka 1944, na Steeplechase ikafunga milango mwaka 1964. Vilivyosalia ni vichache lakini vina uzito wake: gurudumu kubwa la Wonder Wheel la mwaka 1920, lenye urefu wa takriban mita 46, treni ya kuporomoka ya Cyclone, iliyofunguliwa tarehe 26 Juni 1927, na mnara wa Parachute Jump, uliohamishiwa hapo mwaka 1941 kutoka kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York. Vyote vitatu vinalindwa na sheria kama alama za kihistoria za jiji. Njia ya mbao ya watembea kwa miguu, inayopita kando ya bahari na iliyofunguliwa mwaka 1923, nayo ikapewa ulinzi wa aina hiyo mwaka 2018.

Kilichoupa mtaa huu tabia yake, hata hivyo, ni bei. Treni za jiji zilipofika hadi pwani kwa nauli ya senti tano mwaka 1920, mfanyakazi wa kiwanda aliweza kuileta familia yake baharini kwa fedha alizokuwa nazo mfukoni, na mkate wenye soseji wa Nathan's, duka lililoanza mwaka 1916, nao uliuzwa senti tano. Siku za joto kali watu walikadiriwa kufikia milioni moja. Hakukuwa na lango la kulipia kiingilio cha mtaa mzima. Ulilipia bembea uliyoitaka, ukala ulichoweza kukinunua, na bahari ilikuwa bure. Utaratibu huo haujabadilika mpaka leo: mtu anaweza kukaa Coney Island kutwa nzima bila kutoa hata dola moja, na hakuna atakayemfukuza. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo lililofanya wapinzani wa kasino wazungumze lugha moja ingawa walitoka katika makundi yasiyofanana.

Hapa inafaa kuondoa hoja moja dhaifu iliyotolewa na baadhi yao, kwamba kamari ni mgeni katika mtaa huu. Historia haikubaliani nao. Kati ya mwaka 1879 na 1886 vilifunguliwa viwanja vitatu vya mbio za farasi katika eneo la Coney Island na jirani zake, yaani Brighton Beach, Sheepshead Bay na Gravesend, na kwa muda eneo hilo lilikuwa makao makuu ya kubashiri farasi nchini Marekani. Viwanja hivyo viliuawa na sheria ya jimbo ya mwaka 1908 dhidi ya kubashiri, iliyosukumwa na Gavana Charles Evans Hughes, na kufikia mwaka 1910 vyote vilikuwa vimesimamisha mbio. Jambo la kuzingatia ni kilichofuata: mtaa haukufa. Miaka yake ya umati mkubwa zaidi ilikuja baada ya farasi kuondoka, ilipobainika kwamba senti tano za watu wengi zina nguvu kuliko dola mia za watu wachache.

Fikra ya kasino nayo si ya jana. Wapiga kura wa New Jersey waliporuhusu kasino katika mji wa pwani wa Atlantic City mwaka 1976, na ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1978, walanguzi wa ardhi walianza kuvinunua viwanja vya Coney Island kwa matumaini kwamba New York itafuata nyayo. Haikufuata. Matokeo yake yalikuwa viwanja vilivyoshikiliwa bila kuendelezwa, kwa sababu mmiliki anayetarajia kwamba ardhi yake itapanda thamani mara kumi iwapo sheria itabadilika hana haraka ya kumkodishia mwenye duka la shabaha kwa mkataba wa miaka ishirini. Tumaini la kasino, hata lisipotimia, linaweza kuuacha mtaa ukiwa na mapengo kwa miongo mingi, na hilo ni jambo ambalo hesabu za waendelezaji haziliweki kamwe katika safu ya hasara.

Kabla ya hapo kulikuwa na mfano mwingine wa mtindo uleule. Mwaka 1965 Fred Trump, baba wa rais wa sasa wa Marekani, aliinunua Steeplechase akitaka kujenga nyumba za ghorofa. Mwaka uliofuata alifanya sherehe ya kubomoa, ambapo wageni walialikwa kurusha mawe kwenye vioo vya jumba kuu la bustani hiyo, na jumba likaondoka kabla halijapata ulinzi wa kihistoria. Lakini kanuni za matumizi ya ardhi zilisema eneo lile ni la burudani, jiji likakataa kuzibadilisha, na nyumba hazikujengwa. Baadaye jiji lenyewe likainunua ardhi hiyo, na mwaka 2001 ukafunguliwa hapo uwanja mdogo wa besiboli. Funzo walilolipata wenyeji ni kwamba kinachozuia au kuruhusu mambo Coney Island ni ramani ya matumizi ya ardhi, na kwamba ramani hiyo haina huruma na majengo yaliyokwisha kubomolewa.

Mwendelezaji wa zamu hii alikuwa kampuni ya Thor Equities, inayoongozwa na Joseph Sitt, mzaliwa wa Brooklyn, ambaye tangu miaka ya kati ya 2000 alikuwa akinunua viwanja katikati ya eneo la burudani. Mpango wake wa awali ulikuwa hoteli na maduka, na uligongana na mpango wa Meya Michael Bloomberg. Mwaka 2009 jiji lilipitisha kanuni mpya za eneo lote na kununua kutoka kwa Thor karibu ekari saba kwa dola milioni 95.6, na juu ya sehemu ya ardhi hiyo ikafunguliwa Luna Park mpya mwaka 2010. Thor ilibaki na viwanja vingine, na mwaka huohuo wa 2010 ikabomoa majengo kadhaa ya zamani yaliyokuwa juu yake, likiwemo lile la Henderson's Music Hall. Kwa hiyo kasino ilipotangazwa, wakazi wengi walimsikia Sitt wakiwa tayari na kumbukumbu ya miaka kumi na mitano ya viwanja vyake.

Safari hii Sitt hakuja peke yake. Aliungana na Saratoga Casino Holdings, kampuni ya Legends inayoendesha kumbi na viwanja, na Taifa la Chickasaw, kabila la Wenyeji wa Asili wa Marekani linalomiliki WinStar, moja ya kasino kubwa kabisa duniani, huko Oklahoma. Mradi wao uliitwa The Coney, na ulijumuisha hoteli ya vyumba vipatavyo 500, ukumbi wa mikutano, ukumbi wa muziki, mikahawa, na ahadi ya mfuko wa jamii wa dola milioni 200.

Mlango waliouingilia ulifunguliwa na sheria, na mlolongo wake unastahili kuelezwa taratibu. Mwaka 2013 wapiga kura wa jimbo la New York walikubali mabadiliko ya katiba yanayoruhusu kasino za kibiashara zisizozidi saba. Nne za kwanza zilipelekwa sehemu za kaskazini mwa jimbo, ambako uchumi ulikuwa umedorora, na zikapewa kinga ya miaka saba dhidi ya ushindani wa jiji. Mwaka 2022 Bunge la Jimbo likaidhinisha utoaji wa leseni tatu zilizobaki kwa Jiji la New York na viunga vyake. Kila leseni ilikuwa na ada isiyopungua dola milioni 500, mbali na uwekezaji wa angalau kiasi hichohicho, na mapato ya mashine za kamari yangetozwa kodi isiyopungua asilimia 25. Jimbo lenye pengo la bajeti haliwezi kuzitazama namba hizo kwa utulivu.

Ili wabunge wa jiji wakubali, sheria iliwekewa kifungo kimoja. Kila ombi lilipaswa kupitia kamati ya ushauri ya jamii yenye wajumbe sita, mmoja mmoja wakiteuliwa na gavana, meya, mkuu wa wilaya ya Brooklyn (au ya wilaya husika), seneta wa jimbo wa eneo hilo, mjumbe wa eneo katika Bunge la Jimbo, na diwani wa eneo katika Baraza la Jiji. Bila kura nne ombi halisongi mbele. Neno “ushauri” katika jina la kamati halikueleza uwezo wake, kwa sababu kura yake ya kukataa haikuwa na rufaa. Katika mfumo wa kawaida wa jiji, maoni ya bodi ya jamii, ambayo ndiyo ngazi ya chini kabisa ya ushiriki wa wananchi, ni ushauri mtupu. Bodi ya Coney Island ilipiga kura dhidi ya mradi mapema mwaka 2025 kwa wingi mkubwa, na hilo halikuuzuia.

Mradi ulilazimika pia kupita lango la pili, la matumizi ya ardhi. Mwaka 2024 Baraza la Jiji lilikwisha kubadilisha kanuni za jiji zima ili kasino yenye leseni ya jimbo isihitaji ruhusa nyingine ya matumizi. Kilichobaki kuombwa kwa ajili ya The Coney kilikuwa mambo yanayoonekana ya kiufundi: kufutwa katika ramani kipande cha Bowery, njia nyembamba ya watembea kwa miguu iliyofunguliwa na familia ya Tilyou katika karne ya 19, ruhusa ya madaraja ya kupita juu ya barabara, na kuhamishwa kwa haki za kujenga kwenda juu kutoka kwenye ardhi ya jiji. Baraza lilikubali mwezi Juni 2025, ingawa Justin Brannan, diwani wa eneo hilo, alipinga. Kwa desturi Baraza humfuata diwani wa eneo. Mara hii halikumfuata, na sababu iliyotolewa na wengi ilikuwa kwamba kamati ya jamii ingeamua baadaye. Kwa maneno mengine, kila ngazi ilisema ngazi inayofuata ndiyo itakayobeba lawama.

Ni hapo kwenye Bowery na madaraja ambapo hoja ya wapinzani ilikuwa na nguvu kuliko mahali pengine popote, na ndipo panapohitaji subira ya msomaji. Kasino hupata fedha kwa kumweka mgeni ndani. Sakafu ya kuchezea kwa kawaida haina madirisha wala saa. Chakula, kinywaji na chumba cha kulala hutolewa kwa bei ya chini au bure kwa mchezaji aliyekusanya pointi, kwa sababu gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na atakachopoteza mezani. Muuza samaki wa kukaanga aliye nje hawezi kushindana na mkahawa unaomlisha mtu bure. Madaraja ya juu humwezesha mgeni kutoka maegesho ya magari hadi chumbani, ukumbini na mezani bila kukanyaga barabara. Bustani ya burudani inafanya kazi kinyume chake kabisa: inahitaji mtu apite nje, aone taa, asikie kelele za walioko kwenye Cyclone, anuse vitunguu, abadili nia mara tatu. Ukiifuta njia ya kupita na kuiweka badala yake pembe ya jengo kubwa, unakuwa umekata mzunguko wa watu ambao biashara ndogo zote zinautegemea, hata kama hujagusa bembea moja iliyolindwa na sheria. Sheria ya alama za kihistoria huulinda muundo wa Wonder Wheel. Hailindi foleni ya watu wanaosubiri kulipanda. Ndiyo maana miongoni mwa wapinzani walikuwamo watu wa biashara ya burudani wenyewe, ambao kwa juujuu ungetarajia wafurahie kuongezeka kwa wageni.

Mfano uliotajwa mara kwa mara katika mikutano ya kusikiliza maoni ulikuwa Atlantic City, na ni mfano halali kwa sababu nao ni mji wa kihistoria wa pwani wenye njia ya mbao, ya mwaka 1870, kongwe kuliko ya Brooklyn. Kasino zililetwa huko kwa ahadi ya kuufufua mji. Mapato yao yalipanda hadi takriban dola bilioni 5.2 mwaka 2006, wakati ambapo mitaa iliyo nyuma ya hoteli hizo iliendelea kuwa miongoni mwa maskini zaidi katika jimbo. Pennsylvania ilipofungua kasino zake, na wachezaji wakapata pa kwenda karibu na nyumbani, mapato yakaporomoka kwa karibu nusu katika muda wa miaka kumi. Mwaka 2014 pekee kasino nne zilifungwa. Wapo wanaosema kwamba mfano huu hauhusiani, kwa kuwa New York ina wakazi milioni nane na leseni tatu tu, na kwa upande wa kufilisika wana haki: kasino ya Brooklyn ingeweza kuishi kwa raha. Lakini ingeishi kwa fedha za nani? Mtalii anayelala Manhattan hana sababu kubwa ya kupanda treni kwa saa nzima kufuata mashine zilezile anazoweza kuzipata kwingine. Wateja wa uhakika wangekuwa wakazi wa kusini mwa Brooklyn wenyewe, wakiwemo wastaafu wengi, na fedha ambazo zingetumika kwenye maduka ya Brighton Beach au Bensonhurst zingehamia kwenye sakafu moja. Uchumi wa namna hiyo unaonekana mkubwa katika ripoti ya mradi kwa sababu ripoti huhesabu kinachoingia jengoni bila kuhesabu kilikotoka.

Suala la msongamano wa barabara na mafuriko nalo lilijadiliwa sana, nami nitalipitia kwa ufupi. Mtaa huu ni rasi nyembamba yenye njia chache za kutokea, na barabara kuu ya Belt Parkway hujaa magari kila siku ya kiangazi. Kimbunga Sandy, tarehe 29 Oktoba 2012, kiliufunika kwa maji ya bahari na ya mkondo kwa wakati mmoja.

Sasa upande wa pili, ambao haustahili kudharauliwa. Magharibi ya eneo la burudani yanasimama maghorofa ya mamlaka ya nyumba za umma, na ndani yake wanaishi watu ambao kwa miongo mingi wamepata kutoka kwenye bembea ajira ya msimu tu, kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, kwa ujira mdogo. Upepo wa Januari unapovuma, vibanda hufungwa na kazi huisha. Mradi uliahidi kazi za mwaka mzima, zenye chama cha wafanyakazi na bima ya afya. Baadhi ya wakazi hao walisimama kwenye mikutano na kuuliza, kwa haki, kama watu wanaotoka mitaa mingine kuja kulia juu ya historia ya Coney Island waliwahi kufika huko mwezi wa Februari. Wapinzani hawakuwa na jibu zuri kwa swali hilo. Walisema kwamba viwanja vile vinaweza kubeba burudani za ndani zinazofanya kazi mwaka mzima, hoteli isiyo na kamari, au kumbi, na kwamba kanuni za mwaka 2009 zinayaruhusu mengi ya hayo. Ni kweli zinayaruhusu. Kwa nini basi hayajajengwa kwa miaka kumi na mitano ndilo swali la kuwauliza mmiliki wa viwanja na jiji kwa pamoja, na kumtupia mwanamke anayetafuta kazi ya hoteli ni kumwonea.

Kura ya Septemba 2025 iligawanyika kwa namna inayofundisha. Waliokubali walikuwa wajumbe wa gavana na meya, ambao hazina zao zingepokea ada na kodi. Waliokataa walikuwa wajumbe wa viongozi wanaochaguliwa na wapiga kura wa Brooklyn, na kati yao walikuwamo wa vyama vyote viwili vikubwa. Maombi matatu ya Manhattan yalikuwa yamekwisha kukataliwa na kamati zao siku chache kabla, kwa hiyo Coney Island haikuwa pekee. Mwezi Desemba leseni zote tatu zilikwenda Queens na Bronx, kwenye maeneo ya uwanja wa mbio wa Aqueduct, uwanja wa besiboli wa Citi Field na uwanja wa gofu wa Ferry Point. Sehemu hizo zina nafasi kubwa ya magari, na hakuna hata moja yenye mtaa wa maduka madogo yanayotegemea mtu anayepita kwa miguu mlangoni.

Viwanja vya Thor bado viko palepale, kati ya kituo cha treni cha Stillwell Avenue na bahari, na thamani yake sasa inapaswa kukadiriwa bila kasino ndani ya hesabu. Hilo linaweza kuwa faida kubwa kuliko kura yenyewe, kwa kuwa bei ya ardhi inayotokana na bembea, chakula na hoteli ya kawaida ndiyo pekee ambayo mpangaji mdogo anaweza kuilipa. Jiji lina nguvu za kisheria za kununua, kama lilivyofanya mwaka 2009, na lina mikataba ya kukodisha ardhi yake lenyewe ambayo kwayo linaweza kudai ajira za mwaka mzima kutoka kwa waendeshaji wa bembea. Litazitumia nguvu hizo au halitazitumia kulingana na kama wale waliojaza kumbi za mikutano kupinga kasino watarudi kwenye kumbi hizohizo pale ajenda itakapokuwa masharti ya upangaji na mishahara ya msimu wa baridi, mambo ambayo hayavutii kamera.